Alama Zangu Chini ya Kifuniko cha Saa

Nilibonyeza kitufe cha chini na mshale haukurudi.

Nikabonyeza tena, kwa nguvu. Mshale mrefu wa sekunde ukaendelea na safari yake kama mtu anayeitwa na kujifanya hasikii. Toroli la pili la majani ya chai lilikuwa limesimama mbele yangu na la tatu linasukumwa nyuma yake. Barongo, aliyekuwa akilisha mashine ya kukaushia, alinipigia kelele kutoka mlangoni: "Bwana Dakika! Tutoe ama tungoje?"

Nilivua saa mkononi, nikatoa kisu changu kidogo mfukoni, nikafungua kifuniko cha nyuma pale pale juu ya meza ya kukagulia majani. Ndani ya kifuniko hamkuwa na kitu. Palikuwa pasafi kama sahani ambayo haijapakuliwa chakula.

Nilisimama nimeshika kile kifuniko sijui kwa muda gani, na mimi ndiye niliyeajiriwa kujua muda. Nilipoinua kichwa, matoroli matano yalikuwa kwenye foleni. Majani ya toroli la mbele, ambayo yalitakiwa kutoka na rangi ya shaba, yalikuwa yamekuwa meusi kama matope ya zizini, na ile harufu yake tamu imekwisha. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nje ya lango la kiwanda na koti langu begani.

Aliyenifikisha pale ni Jeremia Ontiri, wakati huo Meneja Msaidizi. Ninalitaja jina lake mapema ili msomaji asipoteze wakati akikisia. Lakini hamtaelewa alichochukua kabla ya kujua saa ile ilikuwa saa ya namna gani, na hilo siwezi kulieleza bila kurudi kwenye siku yangu ya kwanza kazini.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sitini, Uhuru bado haujafika. Nilikuwa mwanamume mwenye mke, shamba dogo la ndizi na wimbi kule Nyamache, na masomo ya darasa la tatu. Nilisikia kwamba Mzee Ramadhani, fundi wa saa pale Kisii mjini, anatafuta mtu wa kumsaidia. Alikuwa Mnubi, baba yake alifika na jeshi zamani akabaki, na yeye mwenyewe alizungumza Ekegusii, lugha yetu, vizuri kuliko baadhi yetu. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa linalotazama mashariki, kwa sababu fundi wa saa hula kwa mwanga wa asubuhi.

Alinishika viganja akavigeuza juu na chini.

"Mikono hii imezoea kushika nini?"

"Jembe, Mzee."

"Basi leo itashika hewa. Kaa pale. Usiguse chochote. Sikiliza."

Kwenye ukuta alikuwa ametundika saa za mkono kumi na mbili, kila moja kwenye msumari wake. Nilikaa chini yake tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mwanzoni nilisikia kelele tu, kama panzi kwenye nyasi. Halafu, polepole, moja ikajitenga. Ilikuwa inachechemea. Tik ndefu, tak fupi. Mzee aliporudi kutoka kuswali nikamwambia, "Ile ya tatu kutoka mlangoni ni mgonjwa." Hakunisifu. Alisema tu, "Kesho uje na shati lisilo na vifungo vya mikono. Vifungo huangusha skrubu."

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Ninyi mnaovaa saa za betri siku hizi, zile zinazoonyesha namba bila mishale, acha niwaambie kazi ile ilikuwaje. Saa ya kweli ina springi kuu, utepe wa chuma uliokunjwa ndani ya kopo dogo. Ukiivuta saa asubuhi, unaikaza springi ile, nayo siku nzima inataka kujikunjua. Kazi ya magurudumu yote mengine ni kuizuia isijikunjue kwa pupa. Mwishoni kabisa kuna gurudumu la mizani, linaloenda huku na huku likivutwa na springi nyembamba kama unywele. Ukipumua vibaya juu yake umeiharibu. Mwaka wangu wa kwanza sikuruhusiwa kuligusa. Niliosha vipande kwa petroli, nikavipanga kwenye karatasi nyeupe kwa utaratibu wa kutoka kwavyo, na Mzee akivirudisha, mimi nikatazama kwa kioo cha kukuza nimekibana jichoni mpaka shavu linakufa ganzi.

Tulielewana. Mimi ni Msabato, yeye Mwislamu. Alipenda kuwaambia wateja, "Ijumaa mimi niko msikitini, Jumamosi huyu yuko kanisani, Jumapili mji wote umelala. Leteni saa Jumatatu, na muombe Mungu mnayemjua." Lakini alipokuwa anafungua saa hakufanya mzaha. Alisema Bismillahi, akafungua, akanyamaza.

Kuna jambo moja alilonifundisha ambalo kisa changu chote kimesimama juu yake. Fundi wa saa haandiki jina lake ukutani. Akimaliza kuitengeneza saa, anaiacha itembee wiki nzima msumarini. Ikienda sawa, anaifungua tena na kukwaruza alama yake kwa sindano upande wa ndani wa kifuniko cha nyuma, alama ndogo isiyoonekana ila kwa kioo cha kukuza. Fundi atakayefuata, awe Kisii au Ulaya, akifungua ataona akina nani wamepita humo kabla yake. Mwenye saa mwenyewe huwa hajui.

"Alama ni kiapo," Mzee aliniambia. "Ukiweka alama kwenye kazi mbovu, umeapa uongo mahali ambapo mafundi wote watausoma."

Alama yake ilikuwa mwezi mwandamo. Siku aliyoniruhusu niweke yangu, mwaka wa pili baada ya Uhuru, aliniuliza nitachora nini.

"Jembe."

"Jembe! Ndani ya saa!" Alicheka mpaka akavua kofia kujifutia machozi. "Haya, lima."

Sasa nifike kwenye saa yenyewe.

Kulikuwa na Mzungu mpima ardhi aliyekaa wilayani kwetu miaka mingi, na kabla ya hapo alikuwa rubani. Saa yake ilikuwa ya marubani: uso mweusi, namba kubwa zilizopakwa dawa ya kung'aa gizani, mzingo wa nje unaozunguka, duara mbili ndogo ndani ya uso, na vitufe viwili ubavuni, kimoja juu ya kile kichwa cha kukazia springi na kimoja chini. Saa ya aina hiyo huitwa kronografu. Inakuonyesha saa ya kawaida, na pia unaweza kuiamrisha ipime muda wa jambo fulani kwa mshale wake wa pekee.

Kronografu nyingi ni za amri tatu. Unabonyeza juu, mshale unasimama. Unabonyeza chini, unarudi mwanzo. Unabonyeza juu tena, unaanza. Ukijaribu kubonyeza chini wakati mshale bado unakwenda, hakuna kitu. Kumefungwa. Lakini ile ya rubani ilikuwa ya amri moja. Mshale ukiwa unakimbia, unabonyeza chini mara moja tu. Unaruka hadi mwanzo, na ukiachia kidole unaanza tena papo hapo, bila kupoteza hata sekunde. Rubani anayegeuza ndege kutoka mlima huu kwenda mlima ule hana nafasi ya kubonyeza mara tatu. Mzee aliiita "saa ya kurudi", na jina hilo likakaa.

Mara ya kwanza alipoifungua mbele yangu, hata Bismillahi ilimtoka kwa sauti ya chini. Nilipewa kioo. Nikaona gurudumu lenye nguzo ndogo sita zilizosimama kama nguzo za nyumba isiyo na paa, na vyuma vyembamba vinavyoingia na kutoka kati yake kwa zamu. Nikaona kipande cha chuma chenye umbo la moyo, kweli kabisa moyo, na juu yake nyundo ndogo inangoja. Mzee akabonyeza. Nyundo ikaanguka juu ya moyo, na moyo, upigwe upande wowote, ukateleza mpaka penye bonde lake. Hivyo ndivyo mshale unavyorudi nyumbani kutoka popote ulipo.

"Umeona?" Mzee akaniuliza.

"Nimeona."

"Hujaona. Tazama tena."

Nilitazama saa ile kwa miaka, na kila mara niliona kitu ambacho sikukiona mara iliyopita. Pembe za vile vyuma zilikuwa zimesuguliwa hadi zinawaka, hata zile za upande wa chini ambazo hakuna jicho litakalozifikia. Kuna mtu mahali fulani alikaa kwenye mwanga wa dirisha lake akazisugua kwa sababu tu hakuweza kuziacha. Mtu yule sitamjua kamwe, lakini hakuna kiongozi wala mhubiri niliyemheshimu kuliko yeye.

Mpima ardhi alipokuwa anaondoka nchini alikuja dukani kuaga. Kiswahili chake kilikuwa cha Kizungu. Aliivua saa, akaiweka mezani: "Ramadhani, mimi najua juu yake. Wewe najua ndani. Kaa nayo." Akatoka haraka, nadhani asionekane uso.

Mzee aliivaa miaka saba. Kisha macho yakaanza kumzimika, ukungu mweupe jicho la kulia, halafu la kushoto. Asubuhi moja aliniita, mkewe Mama Zainabu amekaa kando anachambua mchele. Akanifunga saa mkononi kwa kupapasa.

"Naisikia lakini siioni," akasema. "Saa hii haipendi kuvaliwa na mtu asiyeiona."

Mama Zainabu akasema, "Na umtunze, maana mimi nilikuwa mke wa pili kwa hiyo saa." Tukacheka sote watatu. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Ndani ya kifuniko palikuwa na alama mbili za mafundi wa Ulaya, miezi minne ya Mzee, na jembe langu moja la mara ya mwisho. Nani angehitaji karatasi nyingine?

Duka lilipofungwa niliomba kazi katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Nyamira. Meneja wa Kiwanda, mtu mrefu asiyependa maneno, alinihoji amesimama.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tatu, Bwana Meneja."

"Chumba cha kuchachua kinataka mtu wa hesabu."

Majani ya chai yakishasagwa huachwa yachachuke kwanza, yabadilike kutoka kijani kuwa rangi ya shaba, kabla ya kupelekwa kwenye moto. Yakiwahi, chai inakuwa chungu. Yakichelewa, inakuwa maji. Pale kwetu kila dakika kumi na mbili toroli moja liliingia na moja lilitoka, kutwa nzima, na waliokuwa wakitumia saa ya ukutani walipoteza nusu dakika hapa na nusu dakika pale mpaka jioni foleni nzima imeharibika. Nilimwonyesha Meneja saa yangu. Toroli likapita, nikabonyeza. Likapita jingine, nikabonyeza. Mshale ukaruka, ukaondoka, ukaruka, ukaondoka. Alitazama matoroli manne yakipita.

"Anza kesho," akasema.

Niliifanya kazi ile miaka sita. Wafanyakazi walinibandika jina Bwana Dakika. Barongo alikuwa akisema, "Huyu hata chooni anaenda na hesabu." Lakini mwonjaji chai alipokuja kutoka makao makuu akasema majani ya zamu yetu yana rangi moja kutoka gunia la kwanza hadi la mwisho, Barongo huyo huyo ndiye aliyetembea kifua mbele sokoni. Mimi nilijua sifa ilikuwa ya nani. Kila baada ya mwaka na nusu niliifungua nyumbani kwangu, nikaiosha, nikaitia mafuta kwa ncha ya sindano, nikaiacha wiki msumarini, nikachora jembe. Majembe yakafika matano. La tatu mpini wake umepinda kwa sababu nilipiga chafya.

Ndipo akaja Jeremia Ontiri.

Alikuwa kijana wa Kisii mwenye elimu, suti ya kijivu, na nitasema ukweli hata kama unaniuma: alikuwa na jicho. Wengine waliona saa kubwa tu. Yeye siku ya kwanza aliniuliza, "Hii inarudi bila kusimamishwa?" Alikuja chumbani kwangu mara kwa mara kuitazama. Aliniomba nimuuzie mara tatu, na mara tatu nikasema hapana.

"Mzee, saa kama hii mkononi mwa mtu wa toroli!" aliniambia siku moja, akicheka.

"Iko kazini, Bwana Ontiri," nikajibu. "Yako ya dhahabu iko matembezini."

Mwaka huo alikuja mhandisi mgeni kufunga mitambo mipya. Naye alikuwa na kronografu, na tuliziweka pamoja mezani tukastaajabu. Zilitoka kwa watengenezaji wale wale, uso ule ule mweusi, vitufe vile vile. Pacha kabisa, ila ya kwake ilikuwa ya amri tatu. Ontiri alikuwepo. Alizishika moja kila mkono kama mtu anayepima maembe. Mhandisi alipoondoka, nilisikia kwamba Ontiri amenunua ile pacha. Nikafurahi. Nilidhani sasa ataiacha yangu.

Ijumaa moja akaja kwa adabu zote. Kulikuwa na mashindano ya riadha ya shule pale Sironga, yeye ndiye wa kupima muda wa wakimbiaji, na saa ya amri tatu haimtoshi. Nimwazime yangu mpaka Jumatatu. Nilisita. Lakini kumnyima msimamizi wangu kwa ajili ya watoto wa shule kungeonekanaje? Nikaivua.

Jumatatu alinirudishia kwenye lango, zamu inaanza, king'ora kinalia. Mkanda ulikuwa wangu, ngozi ile ile iliyochakaa kwenye tundu la tatu. Karibu na namba kumi palikuwa na mkwaruzo, kama kawaida. Niliifunga nikakimbia kazini. Mengine mmeshayasoma.

Nimekubali kosa langu na ninalirudia hapa: mtu mwingine yeyote angetazama chai kwanza. Angebonyeza mara tatu kama maskini wa saa ya kawaida na siku ingepita. Mimi nilikuwa fundi wa saa kabla ya kuwa mtu wa chai. Saa ilipoumwa, niliifungua. Na nilipoona kifuniko hakina mwezi wala jembe, sikuona kitu kingine. Baadaye tu ndipo nikagundua kuwa ule mkwaruzo wa namba kumi ulikuwa wa msumari, mpya, bado unang'aa.

Meneja wa Kiwanda aliniita ofisini. Ontiri amekaa, mikono ndani ya mifuko ya koti.

"Unasema hii si saa yako. Karatasi ya saa yako iko wapi?"

"Iko ndani ya saa, Bwana Meneja."

"Ndani ya saa?"

"Chini ya kifuniko. Kuna miezi minne na majembe matano."

Ontiri ndiye aliyeanza kucheka. Karani akafuata. Meneja hakucheka, lakini alifunga faili, na kufunga faili ni kubaya kuliko kucheka. "Umeharibu matoroli matano," akasema, "na sasa unaniletea habari za majembe."

Nilimwomba kitu kimoja tu, kwamba Ontiri atoe saa yake nyingine tuifungue. Ontiri akasema ameiacha nyumbani. Hakuna aliyemwambia akailete.

Miaka miwili baadaye nilikutana na Barongo siku ya soko Nyamache, yeye ananunua mbuzi. Alinisalimu bila kunitazama. Kisha akasema mwenyewe, kama mtu anayetema mwiba:

"Omogaka, mzee wangu, mimi niliona. Ile Jumatatu. Alikuwa store, ako na kisu, anatoa mkanda kwa saa moja anaweka kwa ingine. Nikafikiri zote ni zake."

"Na siku ile ofisini ulipojua si zake?"

"Mtoto wangu alikuwa anaandikwa kazi hiyo wiki."

"Basi sema sasa."

"Bado ameandikwa," akasema, na akamvuta mbuzi wake akaenda.

Barongo, nimekuandika jina. Wewe si mwizi, lakini usijidanganye kwamba uko mbali naye.

Tangu hapo nimekuwa na meza yangu pale Masimba, kando ya maduka, naangalia mashariki. Natengeneza saa za walimu na makanga wa matatu. Ile pacha ninayo bado. Ni saa nzuri, haina hatia, na niliiosha na kuitia mafuta kama inavyostahili. Lakini alama sikuweka. Sitaapa chini ya kifuniko cha uongo wa mtu mwingine. Mzee Ramadhani amefariki, na sikuwahi kumwambia. Alipokuwa akiniuliza, "Inakwendaje?" nilimjibu, "Inakwenda, Mzee," na sikumdanganya, kwa maana najua inakwenda.

Najua kwa sababu nimeiona. Jeremia Ontiri sasa ni mtu mkubwa, anakaa viti vya mbele kwenye harusi na mazishi, na siku za ibada huvuta mkono wa shati ili saa ya kurudi ionekane. Mwaka jana alipita hatua tatu kutoka mezani kwangu, na katikati ya kelele zote za stendi niliisikia. Inachechemea kidogo. Haijaoshwa tangu mkono wangu. Yale mafuta yamekauka, na chuma sasa kinakula chuma ndani, zile pembe zilizosuguliwa na mtu tusiyemjua. Kunidhulumu ningeweza kuzoea. Kuiua saa kwa sababu unaogopa fundi yeyote ataifungua na kusoma, hilo siwezi.

Kwa hiyo, Jeremia Ontiri, nakuuliza mbele ya kila mtu asomaye hapa. Ulipenda kitu kizuri. Hapo tulikuwa sawa, na pengine wilaya nzima hakuna mwingine ambaye ningependa kukaa naye kuizungumzia. Sasa jibu. Njoo Masimba siku ya soko utakayoichagua mwenyewe, uje na wazee wako na mchungaji wako. Mimi nitakuja na Mama Zainabu, kisu changu na kioo changu. Weka saa mezani. Tuifungue. Yakikosekana majembe, nitakuomba msamaha nimepiga magoti na nitakupa ile pacha.

Na kama unafikiria kukisugua kifuniko kwanza, sugua. Alama moja sikuitaja hapa, wala haiko kwenye kifuniko. Ni mimi na Mzee tu tuliojua iko wapi, na mmoja wetu bado anaona.